Alwyn Tregenza, Kapteni Aliyekaa Mezani

Mchungaji, mama yetu Noreen, ndugu, majirani, na ninyi wa kikosi cha zimamoto cha Yaltanna mliokuja na magari yote mawili mkayaegesha pua zikitazama barabarani, kama alivyowafundisha, poleni sana. Mimi ni mkwe wa marehemu, mume wa Kerryn, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, kazi ambayo yeye mwenyewe aliisimamia akiwa bado na pumzi, maana mwezi Agosti aliniita kando ya kitanda akaniambia, "Tarehe kwanza, sifa baadaye, na sifa zikizidi mbili, ruka."

Marehemu Alwyn John Tregenza alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Agosti 1941, katika nyumba ya mawe ya shamba la baba yake, kilomita sita kaskazini mwa Yaltanna, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee Hedley Tregenza, mkulima wa ngano na kondoo, na mama Ivy. Mdogo wake, Garth, alizaliwa tarehe 2 Mei 1946, na tangu siku Garth alipoanza kutembea, kazi ya Alwyn ikawa kujua aliko, kwa kuwa mama Ivy alikuwa akipaza sauti kutoka jikoni, "Alwyn, mwenzio yuko wapi?" na jibu la "sijui" halikukubalika nyumbani kwao, lilimfanya mtu akachote maji ya kondoo mpaka jua lizame.

Alisoma shule ya msingi ya Yaltanna kuanzia Februari 1947 hadi Desemba 1953, kisha akaendelea na sekondari huko Kerrabie, alikoacha masomo mwezi Juni 1957 baada ya trekta kumlalia baba yake na kumvunja nyonga, shamba likahitaji mikono. Ripoti yake ya mwisho bado anayo Noreen kwenye droo, na ndani yake mwalimu wa darasa ameandika kwamba kijana huyu hesabu zake ni za wastani, mwandiko wake hausomeki, na huwapanga wenzake kwenye mistari bila kuombwa na mtu.

Baba yake alipopata nafuu, marehemu aliajiriwa tarehe 2 Novemba 1959 kwenye maghala ya ngano yaliyo kando ya reli, akapanda kutoka mfagia uwanja hadi msimamizi wa mapokezi, akadumu hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Machi 2001, miaka arobaini na moja na ushei. Mliovuna enzi zake mnakumbuka foleni ya malori sitini kwenye joto la kuchemsha ubongo, kila mkulima akidai ngano yake ndiyo itakayonyeshewa kwanza, naye akipita na chaki akiandika namba kwenye mlango wa kila lori, bila kugombana na bila kubadilisha, hata baba yake mzazi alipofika amechelewa aliandikiwa namba yake akaenda nyuma akinung'unika.

Jumamosi tarehe 18 Aprili 1964, katika kanisa hilihili, alifunga ndoa na Noreen Schirmer, binti wa muoka mikate, ambaye siku zote amesema kwamba alikubali kuolewa na mtu wa foleni kwa sababu angalau alijua hatarukwa, wakajaliwa watoto wawili, Lyle aliyezaliwa tarehe 11 Novemba 1966, na Kerryn, mke wangu, aliyezaliwa tarehe 23 Juni 1970. Garth naye alioa tarehe 4 Septemba 1971, akamwoa Dulcie Nankervis, wakajenga nyumba juu ya kilima cha mashariki, mahali ambapo dirisha la jikoni linatazama bonde zima.

Marehemu alijiunga na kikosi cha kujitolea mwaka 1960, akachaguliwa kapteni mwezi Julai 1974. Ukapteni wa siku zile ulikuwa na mila yake, kapteni alipanda gari la kwanza na kushika mpira wa maji kabla ya mtu mwingine yeyote, na asiyerudi ananuka moshi hakuhesabiwa kuwa kapteni. Kikosi kilikuwa na magari mawili, wakulima walileta pikapu zao zenye matangi wakazima walikoona kunawaka, na habari zilipitia redio nne zilizowekwa kwenye majiko ya wanawake wanne, mmoja wao Dulcie, ambao waliziendesha redio hizo huku mikate ikiwa tanurini.

Ndugu waombolezaji, Ijumaa tarehe 12 Januari 1979 hatuwezi kuiruka, ingawa kwa miaka arobaini mji huu umekuwa ukiipita kwa kunyata. Moto uliwaka saa saba mchana kwenye mabua ya ngano kaskazini mwa reli, Alwyn akapanda gari la kwanza akashika mpira kama ilivyo ada, gari la pili akamwachia Garth na mwenzake mmoja, akawaagiza wakae kwenye geti la kusini la mashamba wasibanduke, kisha akaenda mstari wa mbele, na kuanzia dakika hiyo kikosi kikawa na kapteni lakini hakikuwa na mwongozaji. Pikapu kumi na moja zilikuwa bondeni, na hakuna aliyejua ya nani iko wapi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na siku hiyo kila mwenye redio alikuwa nahodha.

Baada ya saa tisa, sauti kwenye redio ilimwambia Garth aondoke getini aende kwenye banda la majani makavu la mzee Opie, ambako mzee huyo alidhaniwa kuwa ndani. Mwenzake Garth alikuwa nyuma juu ya tangi, hakuisikia redio, alimsikia Garth tu akipiga kelele kutoka dirishani, "Tumeambiwa banda la Opie, shikilia!" Walipofika nusu ya njia upepo wa kaskazini uligeuka ukavuma kutoka kusini-magharibi, ubavu mrefu wa moto ukawa kichwa, yaani upande unaokimbia mbele, ukawafikia kwenye majani marefu. Mwenzake aliruka akaokoka na makovu. Garth Tregenza hakuokoka, alikuwa na miaka thelathini na miwili, na mzee Opie alikuwa mjini tangu asubuhi akinunua tairi.

Kwenye uchunguzi uliofanyika mwezi Mei mwaka huo, marehemu aliulizwa mara tatu ni nani aliyelihamisha gari la pili, na mara zote tatu alijibu, "Mimi nilikuwa kapteni, gari ni langu, kosa ni langu," hakuongeza neno, wakaandika hivyo. Kuanzia siku ya mazishi ya mumewe, Dulcie hakumsemesha tena shemeji yake. Kanisani walikaa mabenchi mawili tofauti, Krismasi Noreen alipeleka pai za nyama kilimani peke yake, na mji mzima ulielewa, au ulidhani umeelewa, kwamba mjane hamsamehi kapteni. Alwyn hakutaka kingine duniani ila amani na mwanamke yule, Noreen ni shahidi, na hakujua aanzie wapi, maana mtu ataombaje radhi kwa mdomo ambao mwenzie hautazami?

Alichojua ni kurekebisha kazi. Mwaka 1980 alijiuzulu, wanachama wakakataa barua yake, akawaambia atabaki kwa sharti moja, kwamba hatashika mpira tena. Alikwenda kwenye kila mafunzo yaliyotangazwa, akarudi na meza ya kukunja, ramani ya bonde, daftari la kuandika kila amri na saa yake, na kizibao chekundu cha msimamizi wa tukio, ambacho anakivaa mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Kila gari likawa na sauti moja ya kulisikiliza, kila msimamizi akawa na watu watano wa kuongea nao wasizidi, na pikapu ya mkulima isiyoripoti mezani ikahesabiwa kuwa ni kuni.

Mlimcheka, na msijifanye hamkumbuki. Mlimwita Kapteni wa Meza, mlimletea mto wa kukalia umefungwa utepe, na kwenye mkutano wa Agosti 1982 kuna mtu, jina namhifadhi kwa kuwa yuko hapa na ana moyo mbovu, alisimama akasema, "Alwyn, tukikufuata, moto utakufa kwa kusubiri kuandikwa!" Marehemu alimjibu kwa upole, "Na wewe ukifa, angalau nitajua nikuokote wapi."

Sheria yake iliyoleta kelele kuliko zote ni ile ya mwaka 1986, kwamba msimamizi ambaye gari lenye ndugu yake wa damu limeingia hatarini atavua kizibao papo hapo, atamkabidhi mwingine kwa sauti, saa itaandikwa, na atatoka kwenye chumba cha redio. Walimuuliza atampata nani asiye na ndugu kwenye moto wa Yaltanna, mji ambao hata mbwa wameoana, wakasema ikifuatwa sheria hiyo kizibao kitavaliwa na paka wa posta. Alisema, "Basi mfundisheni paka."

Wakati huo Dulcie alikuwa amekwisha kuingia kikosini. Alijiandikisha mwezi Machi 1984, akaomba dawati la redio, akaja kuwa makini kuliko wanaume wote waliomtangulia, hadi mwaka 1998 kikosi kikampa cheo cha naibu msimamizi, kura zote zikiwa zake, ya Alwyn ikiwamo. Kwa miaka ishirini na tatu watu hao wawili walikaa kwenye chumba kimoja, meza moja, wakiongea kama daftari linavyotaka na si zaidi. "Gari la pili limefika." "Nimepokea." Mmoja akipiga chafya, mwenzake hamwambii hata pole. Nilipochumbia katika familia hii nilidhani wamegombana asubuhi ile, Kerryn akanikanyaga mguu chini ya meza.

Jumanne tarehe 6 Februari 2007, joto likiwa nyuzi arobaini na nne, moto ulianza saa sita kwenye vilima vya magharibi, marehemu akavaa kizibao, na Kerryn akatoka na gari la kwanza akiwa dereva, pamoja na wenzake wawili. Kazi ilikwenda vizuri hadi saa tisa na dakika arobaini, upepo ulipogeuka mapema kuliko utabiri, na Kerryn akaita kwamba wako kwenye barabara ya kinu cha zamani, moshi umewafunga mbele na nyuma, wanaomba maelekezo. Waliokuwa chumbani wanasema Alwyn alikwisha kuinua kipaza sauti na mdomo umefunguka. Kisha alikirudisha mezani, akavua kizibao, akamnyooshea shemeji yake, akasema kwa sauti, "Saa tisa na dakika arobaini na mbili, namkabidhi Dulcie Tregenza usimamizi."

Kila mtu alikuwa akiwaza jambo moja, kwamba mtoto wa Alwyn sasa yuko mikononi mwa mjane wa Garth. Dulcie alikivaa, akasema, "Nimepokea," halafu, kwa kuwa Alwyn hakuondoka, akaongeza, "Toka nje, usinisimamie mgongoni." Akatoka, akakaa kwenye ngazi karibu na makreti ya maji ya kunywa, na mimi nilikuwa hapo, nimekuja mbio kutoka kazini, nikakaa karibu yake. Alinishika goti kama mtu anayeshikilia kiti cha gari lililokosa breki.

Ndani, Dulcie alimwambia Kerryn asiende mashariki wala magharibi, akate uzio wa kushoto, aingie kwenye shamba lililokwisha kuungua, asimame katikati, wafunge vioo, walale sakafuni na mablanketi ya sufu, kwa sababu kilichokwisha kuungua hakiungui tena. Kisha zikapita dakika kumi na tisa bila redio kujibu. Saa kumi na dakika nne Kerryn aliita, akikohoa, akasema wote watatu wazima, rangi ya gari imebabuka na anataka maji. Barabara ya mashariki ilikuwa imekatwa na moto tangu saa tisa na dakika hamsini.

Marehemu alipoambiwa aliingia, akaitazama ramani kwa muda mrefu, akasema, "Shemeji, mimi ningewaambia wakimbilie mashariki." Dulcie alijibu bila kugeuka, "Najua. Nilikuona ukitazama barabara ile. Ndiyo maana nilikutoa nje." Ukiacha lile la kumtoa nje, hayo ndiyo maneno ya kwanza yasiyo ya daftari ambayo alimwambia katika miaka ishirini na minane, na tulidhani sasa barafu imeyeyuka, lakini siku iliyofuata kimya kilirudi palepale, hatukuelewa kwa nini.

Marehemu alikabidhi ukapteni tarehe 30 Juni 2009, akiwa ameuongoza miaka thelathini na mitano, na akabaki kuwafundisha vijana wa vikosi vya jirani, akiwaambia kila mara jambo lilelile, kwamba ushujaa wa kushika mpira kila mtu anao, ila ushujaa wa kukaa wanao wachache.

Afya yake ilianza kulegea mwezi Machi 2018, alipoanza kukosa pumzi akipanda ngazi mbili za veranda, madaktari wakagundua kwamba mapafu yake yamejaa makovu, akatibiwa nyumbani kwa mashine ya hewa hadi tarehe 21 Agosti 2019, alipolazwa hospitali ya wilaya. Huko aliwapangia wauguzi ratiba ya kupeana zamu, wakaifuata, na wametuomba tusiseme ni wodi gani. Alifariki Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2019, saa nne na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minane, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza wiki zile sita, majirani waliokata majani kuzunguka nyumba yetu kabla hatujawaomba, wafanyakazi wenzake wa maghala ya ngano waliochimba kaburi kwa mikono yao, akina mama wa kanisa kwa chai na pai mtakazozikuta ukumbini, na kikosi kizima cha Yaltanna, wacheshi na wasio wacheshi.

Shukrani ya mwisho ni kwa shemeji yake, mama mdogo Dulcie, ambaye Jumapili alikuja nyumbani na karatasi hii, akataka isomwe hapa, mbele yenu, neno kwa neno. Tulimwambia si lazima. Alisema, "Ni lazima, na iwe mchana, watu wote wakiwepo." Ameandika hivi.

"Sauti iliyomtoa Garth getini ilikuwa yangu. Niliona moshi ukielekea banda la Opie, nikamwita kapteni mara mbili, hakujibu, nikadhani mzee yumo, nikamwambia mume wangu aende. Nilikaa kimya kwenye uchunguzi kwa woga, na baadaye kwa aibu. Mlisema nimemnunia Alwyn, nikawaacha mseme, kwa sababu sikuwa na uso wa kumtazama mtu aliyebeba mzigo wangu. Jumatano tarehe 25 Septemba nilikwenda hospitali nikamwambia yote. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, 'Dulcie, niliijua sauti yako siku ileile. Nilikusikia ukiniita. Mpira ulikuwa mikononi, nikasema moyoni, nitamjibu nikimaliza.' Nikamuuliza kwa nini hakusema, miaka yote hii. Akasema, 'Kiti kilikuwa changu na nilikiacha wazi. Kiti kikiwa wazi, mtu mwema atakikalia, na lawama si yake. Sikupiga kura kukuweka mezani kwa huruma, nilijua hakuna mwingine ambaye kamwe hatamwacha mtu aite bila kujibiwa.' Tulilia wote wawili, kisha akaniuliza kama nimekula. Sikuja kuwaomba msamaha ninyi, yeye amekwisha kunipa. Nataka tu mjue kwamba hakuwa kapteni aliyemuua ndugu yake."

Hapo ndipo karatasi inapoishia. Mama mdogo Dulcie ameketi benchi la mbele, katikati ya Noreen na Kerryn, na atakayetaka kumsalimia baada ya ibada, amsalimie.

Alwyn John Tregenza, mwana wa Hedley na Ivy, kaka yake Garth, tunakulaza kando ya mdogo wako, pumzika kwa amani.